Kabla ya kadi ya michoro, nunua skrini

Haya, leo niweke kando mambo ya kuandika programu niseme jambo ambalo limenikereketa kwa muda mrefu. Linahusu tarakilishi za gemu. Ndiyo, tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari alivyotuamuru tuite. Lakini kwa kuwa hata yeye alisema "kompyuta" kila mashine ya shule ilipokwama, nami nitasema kompyuta kuanzia hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wengi wanaojiundia kompyuta ya gemu ya bei ya kati huanzia mahali pasipofaa. Wanaanza na prosesa, wanakwenda kwa kadi ya michoro, kisha RAM, kisha kasha la kioo lenye taa za kila rangi kama matatu ya kwenda Rongai. Skrini inakuja mwisho, kwa chenji iliyobaki. Kwa maoni yangu mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Skrini ndiyo ya kuchagua kwanza. Ndiyo itakayokuambia unahitaji kadi gani, kadi itakuambia unahitaji prosesa gani, na hivyo viwili vitakuambia unahitaji umeme kiasi gani. Tena skrini nzuri hukaa mezani miaka minane hadi kumi. Kadi ya michoro utaibadilisha mara mbili kabla ya hiyo skrini kuchoka.

Nikisema bei ya kati nina maana ya kompyuta ya kati ya shilingi 120,000 na 180,000 hivi, skrini ikiwemo. Najua kuna watu ambao kwao hiyo ni kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Kwao nina neno huko chini.

Nitoe mfano wa binamu yangu, maana ndiye aliyenifanya nikaandika haya. Anapiga picha za harusi Nakuru na viunga vyake. Kwa miaka mitatu ameweka akiba hadi akafikisha shilingi 165,000. Alitaka mashine moja tu: mchana ahariri picha na video za wateja, usiku acheze. Akaingia duka moja la Luthuli, akaandikiwa makisio, akanitumia picha ya ile karatasi kabla ya kulipa. Iliandikwa "Core i7, RAM GB 32, michoro GB 16, monita inchi 24 bure". Muuzaji alimwambia, "Bosi, hii mashine ni mnyama."

Nikamwambia amuulize muuzaji maswali mawili tu. Hiyo i7 ni ya kizazi gani? Na hizo GB 16 za michoro ziko kwenye kadi ipi? Jibu la kwanza: i7-4790. Jibu la pili: kadi haikuwepo.

Hapa ndugu zangu tusimame kidogo, kwa sababu ujanja huu bado unakula pesa za watu. Prosesa nyingi za Intel zina michoro ya ndani ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima kwenye RAM. Windows kwa kawaida huiruhusu kuazima hadi nusu. Weka RAM ya GB 32, na ukifungua dirisha la kuangalia kazi za mashine utaona GB 16 za kumbukumbu ya michoro ya kushirikiana. Namba ni ya kweli kabisa, ila haikuambii lolote kuhusu nguvu ya kuchora. Ni kama kusema gari lina kasi kwa sababu limeegeshwa kwenye uwanja mkubwa. Na hiyo i7-4790 ilitoka 2014, ina viini vinne. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina viini vinne na nyuzi nane, ni "i3" tu, na inaipita bila kutokwa jasho. Kibaya zaidi, Windows 11 haiungi mkono rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na Microsoft iliacha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana angemaliza akiba ya miaka mitatu kwa mashine iliyokwisha kustaafishwa.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni ile skrini ya bure. Mtu anayeishi kwa kuuza rangi za gauni na ngozi za maharusi anapewa skrini ya TN, ile ambayo ukiinamisha kichwa kidogo uso wa bibi harusi unabadilika kutoka maji ya kunde kuwa kijivu. Halafu picha zikitoka kwa mchapaji zikiwa nyekundu, mteja hamlaumu mwenye duka la kompyuta.

Sasa tuje kwenye hesabu. Skrini ina mambo matatu ya kukuhusu: pikseli ngapi, hezi ngapi, na paneli ya aina gani.

Pikseli kwanza. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ile ya 2560 kwa 1440, ambayo watu huiita 1440p, ina 3,686,400. Ile ya 4K ina 8,294,400. Kadi ya michoro hulazimika kuzipaka rangi pikseli zote hizo, kila fremu. Kutoka 1080p kwenda 1440p kazi inaongezeka kwa karibu asilimia 78; kwenda 4K inazidi mara nne. Ndiyo maana nasema skrini ndiyo inayochagua kadi. Ukinunua skrini ya 4K kwa kadi ya bei ya kati umejifunga jiwe mguuni, na ukinunua kadi ya maana ukaiunganisha na skrini ya 1080p ya hezi 60, sehemu kubwa ya ulicholipia hutaiona kamwe.

Ukubwa nao una neno. 1080p kwenye inchi 24 ni takriban pikseli 92 kwa kila inchi, na macho hayalalamiki. Ipanue hiyo hiyo hadi inchi 27, zinashuka hadi 82 hivi, na mimi ninayesoma msimbo siku nzima naanza kuona ngazi kwenye herufi. 1440p kwenye inchi 27 inakupa karibu 109. Hapo ndipo penye raha, kwa gemu na kwa kazi pia: unaweza kuweka msimbo upande mmoja na maelezo upande wa pili bila kubinya macho.

Hezi sasa. Skrini ya hezi 60 inakuonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7. Ya 144 ni kila milisekunde 6.9. Ya 240 ni 4.2. Angalia vizuri: kutoka 60 hadi 144 unaokoa karibu milisekunde 10, na hata mtu asiyejali gemu ataona kipanya kinavyoteleza. Kutoka 144 hadi 240 unaokoa chini ya milisekunde 3. Kama wewe si mchezaji wa mashindano, hiyo ya pili ni pesa za kutupa. Skrini za hezi 144 hadi 180 zinatosha, na nyingi za 1440p siku hizi ziko humo humo. Muhimu kuliko kupanda hadi 240 ni skrini iweze kubadilisha kasi yake kufuata kadi, ile teknolojia ambayo AMD huiita FreeSync na NVIDIA huiita G-SYNC. Zamani zilikuwa dini mbili zisizooana. Tangu Januari 2019 NVIDIA iliruhusu kadi zake zifanye kazi na skrini nyingi za FreeSync, kwa hiyo hakuna sababu tena ya kulipa ziada kwa jina.

Na tafadhali, ukishainunua ingia kwenye mipangilio ya Windows uiweke hizo hezi. Nimeingia nyumba za watu nikakuta skrini ya 144 inakimbia kwa 60 tangu siku ya kwanza. Wakati mwingine ni kebo: HDMI ya zamani ya 1.4 haiwezi kupitisha 1440p kwa hezi 144, lakini DisplayPort 1.2 inaweza. Kebo ya DisplayPort ikija ndani ya boksi, itumie hiyo.

Paneli: kwa mfukoni mwetu chukua IPS. Rangi zake hazibadiliki ukikaa pembeni, na ukitafuta iliyoandikwa sRGB asilimia 99 au zaidi, hata mpiga picha wa harusi atashukuru. VA ina weusi mzuri kuliko IPS, lakini nyingi za bei nafuu huacha moshi nyuma ya vitu vinavyosogea gizani. OLED ni nzuri ajabu. Ila mimi ambaye dirisha la msimbo na mstari wa chini wa Windows havisogei kwa saa tisa, naogopa alama za kudumu. "Milisekunde 1" iliyoandikwa kwenye boksi usiipe uzito, kila boksi linaandika hivyo. Na maandishi ya HDR 400 yapite kama upepo. Skrini ya namna hiyo kwa kawaida haina mwanga wala utofauti wa kutosha kukuonyesha HDR yenyewe.

Kuna wanaoniambia, "Mimi nitatumia TV ya sebuleni." Angalia kwanza ni TV gani. Nyingi za inchi 32 za bei nafuu ni 1366 kwa 768, yaani chini hata ya 1080p, na tena wewe umekaa karibu nayo kama mtu anayeota moto. Na wale wanaodhani skrini ya hezi 240 itawaponyesha kufa kwanza kwenye gemu za mtandaoni: mwanga ndani ya kebo ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi huwezi kushuka chini ya milisekunde 60 hata ukiomba. Na kebo hazinyooki. Zinashuka Mombasa, zilipofika TEAMS na SEACOM mwaka 2009, kisha zinazunguka bahari. Hapo duka la kompyuta halina dawa.

Kuna hoja moja inayopinga mimi ambayo ni nzuri, na inastahili jibu. Watu husema: 1440p itaizidi nguvu kadi ya bei ya kati, bora ubaki 1080p. Miaka mitano iliyopita ningekubali. Sasa kuna DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, zinazochora picha ndogo kisha kuipanua kwa akili. DLSS kwenye kiwango cha ubora, ukiwa na skrini ya 1440p, huchora kwa 1707 kwa 960, kisha hupanua. Piga hesabu: hizo ni pikseli milioni 1.64 hivi, chache kuliko za 1080p kamili. Kupanua kwenyewe kuna gharama yake, lakini picha unayoiona mara nyingi ni safi kuliko 1080p iliyochorwa yote. Kwa hiyo skrini kubwa haikulazimishi kununua kadi kubwa. Zile fremu za kubuni katikati, ambazo matangazo huzihesabu kana kwamba ni halisi, ni jambo jingine. Zinalainisha macho lakini haziharakishi mkono wako, na kama mashine inatoa fremu 25 za kweli utaisikia nzito tu hata namba pembeni ikisema 50.

Haya, kadi. Ukishachagua 1440p, swali la kadi linakuwa jepesi: tafuta kumbukumbu inayozidi GB 8. Hapa naona kampuni zimetufanyia mchezo. NVIDIA ilitoa RTX 5060 Ti Aprili 2025 ikiwa mbili, ya GB 8 kwa dola 379 na ya GB 16 kwa dola 429. AMD ikafuata na RX 9060 XT mwezi Juni, GB 8 kwa dola 299 na GB 16 kwa dola 349. Jina moja, chipu moja, lakini mbili tofauti kabisa baada ya miaka mitatu. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu huanza kukwamakwama, na hiyo haitibiwi kwa kununua RAM zaidi. Tofauti ya dola 50 ndiyo pesa bora utakayotumia kwenye mashine nzima. Intel nayo ilitoa Arc B580 Desemba 2024, GB 12 kwa dola 249, na ni kadi tamu kwa bei yake. Ila inahitaji prosesa mpya na bodi inayokubali Resizable BAR. Kwenye prosesa kuukuu inapoteza nguvu vibaya, jambo lililoonyeshwa na wapimaji mwanzoni mwa 2025. Usiiweke kwenye mashine ya mtumba.

Ukitaka kujua kama muuzaji anakuonea, chukua bei ya uzinduzi, izidishe kwa kiwango cha dola, ongeza VAT ya asilimia 16. Kwa dola ya shilingi 129, ile 9060 XT ya GB 16 inaanzia kama shilingi 52,000 kabla ya usafiri na faida ya duka. Akikuuzia 58,000 ameshughulika kihalali. Akikuuzia 85,000 mwachie.

Kwa mtu wa gemu tupu ningesema 9060 XT ya GB 16 na tufunge mjadala. Binamu yangu alikwenda kwa 5060 Ti ya GB 16, kwa sababu kamera yake hurekodi video za 4:2:2 za biti 10, na kizazi hiki cha RTX 50 ndicho cha kwanza cha NVIDIA kinachozisoma moja kwa moja kwenye maunzi. Kwenye mashine yake ya zamani, kipande cha dakika moja cha keki ya harusi kilikuwa kinatembea kama kobe. Unaona tena jinsi kazi ya mtu inavyochagua kifaa, si tangazo.

Mitumba ya kadi ina mabomu yake. RTX 3060 ya 2021 ina GB 12, lakini ipo nyingine yenye jina hilo hilo ya GB 8 iliyobanwa njia ya kumbukumbu. RX 580 halisi ina viini 2304. Ipo inayoitwa 2048SP ambayo kimsingi ni RX 570 iliyovalishwa kofia. GTX 1060 na 1080 Ti, ambazo sote tuliziota, NVIDIA iliacha kuzitengenezea draiva mpya za gemu Oktoba 2025. Zimebakiwa na za usalama tu. Na zipo bandia kabisa, kadi ya kale iliyobadilishwa programu yake ya ndani ijitambulishe kwa jina la kisasa. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z huzikamata nyingi. Nenda nayo kwenye flashi, na muuzaji akikataa kuichomeka kadi uone, Luthuli haina uhaba wa maduka.

Prosesa nitapita haraka, kwa sababu hapa watu huhangaika bure. Kwa 1440p, viini sita vya kisasa vinatosha. Ryzen 5 5600 ya 2022 bado inasimama. Usipewe 5500 ukiambiwa "ni ile ile": 5500 ina nusu ya akiba ya L3 (MB 16 badala ya 32) na inaishia PCIe 3.0, wakati kadi kama 5060 Ti hutumia njia nane tu na hivyo huhitaji PCIe ya kasi. Core i5-12400F nayo ni sawa. Kama mfuko unaruhusu, panda AM5 na Ryzen 5 7600, kwa sababu AMD imeahidi kuendelea na soketi hiyo hadi 2027 na zaidi. Tatizo la AM5 ni kwamba haikubali RAM isipokuwa DDR5, na hapo ndipo penye kilio. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM ilipaa dunia nzima, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba 2025 Micron ilitangaza inaachana na Crucial, chapa iliyotuuzia RAM na SSD za bei ya mwananchi kwa miaka. Kwa hiyo ile DDR4 kuukuu iliyolala kwenye droo ya mtu sasa ni mali. RAM haichakai kama tairi. Ipime kwa MemTest86 usiku mmoja, ikipita inunue. GB 16 katika vijiti viwili kwa gemu, 32 kama unahariri.

Lile neno nililoahidi kwa wenye mfuko mwembamba. Ofisi za Ulaya hutupa OptiPlex na EliteDesk, zinafika hapa zikiwa na i5-8500, viini sita, na Windows 11 inazikubali. Ukichukua zile nyembamba, kumbuka pawa saplai yake si ya kawaida na haina waya wa kulisha kadi. Kadi inayoingia humo ni kama RTX 3050 ya GB 6 ya 2024, inayotumia wati 70 kutoka kwenye bodi yenyewe, na lazima iwe ile fupi. Unganisha na skrini ya mtumba ya ofisi, IPS ya hezi 60, na utacheza GTA V na FC bila aibu. Baadaye ukipata, nunua skrini ya maana kwanza. Utahama nayo.

Mwisho ni stima, na hapa mwongozo wa Mmarekani hautusaidii. Sisi tuna volti 240 kwenye karatasi, lakini umeme ukikatika na kurudi huja na hasira. Pawa saplai ya elfu mbili mia tano iliyoandikwa "wati 750" siigusi. Iinue mkononi, kama ni nyepesi kama sanduku la viberiti, humo ndani hamna kitu. Nataka ya wati 550 au 650 yenye cheti cha 80 Plus na waranti ya miaka mitano, inayobeba mzigo wake mwingi kwenye njia ya volti 12. Fedha za taa za rangi ziende hapa. Binamu aliunguza diski mbili miaka ya nyuma kwa pawa saplai ya bei ya chapati, na mojawapo ilikuwa na harusi nzima ya watu ambayo hakuna awezaye kuipiga upya.

Halafu UPS. Namba kubwa kwenye boksi ni VA, si wati; ya 650 VA mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu. Mashine niliyoieleza, kadi ya wati 180, prosesa ya 65, vitu vingine na skrini, hukaribia 300 ukiwa katikati ya gemu, kwa hiyo UPS hiyo itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, usitarajie kumaliza mechi. Baadhi ya pawa saplai za kisasa hazipendi umeme wa ngazi-ngazi unaotolewa na UPS za bei nafuu na huzimika wakati wa kubadilisha, kwa hiyo ijaribu siku ya kwanza: washa gemu, chomoa UPS ukutani, uone. Ukicheza saa nne kila siku kwa wati 300 ni yuniti 36 za tokeni kwa mwezi. Mwambie mwenye nyumba mapema kama mnatumia mita moja.

Wiki ijayo narudi kwenye Python, naona wengine mmeanza kusinzia.